Sifuri Mbili za Ijumaa

Jumamosi ile asubuhi mgahawa wa Peg ulijaa mpaka watu wakala wamesimama, na kila aliyeingia aliingia na namba mdomoni. Hatukuwa tukisalimiana. Mtu anasukuma mlango, anakung'uta matope ya buti, anasema "kumi na mmoja", na mgahawa mzima unaitika kama kanisani. Kumi na mmoja ndio wapigaji wa Chuo cha Pruitt ambao kijana wetu Cody Stransky aliwarudisha benchi kwa kurusha mpira wasiouweza. Mwingine anasema "sita kwa sifuri", hayo ndiyo matokeo, nayo yanaitikiwa vilevile. Lakini namba iliyotutia wazimu ilikuwa ile sifuri nyingine ya pembeni, ya mapigo. Pruitt walicheza raundi zote tisa wasipate pigo safi hata moja. Tangu Korongo, timu yetu ya Chuo cha Wendell, waanze kucheza besiboli, enzi ambazo mji huu ulikuwa stesheni ya treni na ghala moja la mahindi, jambo hilo halikuwahi kutokea.

Mimi ni shabiki, sikatai. Niliendesha basi la shule la hapa mpaka mgongo ukagoma, na tangu mume wangu afariki kiti changu ni kilekile, jukwaa la upande wa kituo cha kwanza, ubavuni mwa jirani yangu Delbert Vogel. Mkewe Delbert, Arlene, hakai nasi. Yeye hukaa juu, kwenye kibanda cha vioo, kwa sababu ndiye mwandishi wa alama. Mpira ukipigwa na mpigaji akakimbia akafika kituoni salama, ni Arlene anayeamua: je, mlinzi wa kawaida angeudaka ule? Kama angeudaka, mlinzi anaandikiwa kosa. Kama asingeweza, mpigaji anaandikiwa pigo. Hakuna cha katikati, na hakuna anayemsaidia kuamua. Arlene alifundisha hesabu nusu ya mji, wanangu wakiwemo, na watu husema angemwandikia kosa hata mama yake mzazi.

Sasa nieleze ya Ijumaa, maana ndiyo yaliyotufikisha pale kwa Peg.

Mwiko wa besiboli unajulikana hata na mbwa wa Wendell: mrushaji akiwa bado hajaruhusu pigo, husemi. Zungumzia mvua, zungumzia bei ya mbolea, zungumzia goti lako bovu, lakini hilo huligusi. Hata wachezaji wenzake humwacha akae peke yake mwisho wa benchi kama mtoto mwenye surua. Ukilitaja tu, umeliua. Wasomi wa chuoni watakwambia huo ni upuuzi, kisha nao wananyamaza kama sisi.

Delbert ni mtu mwema. Theluji ikianguka, ataniondolea ya mlangoni kwangu kabla sijaamka. Ila mdomo wake hauna mlango. Raundi ya saba, tumekaa tumebana pumzi, watu wanatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye vikombe kimyakimya, Delbert akaniinamia akasema, "Noreen, unajua hawa jamaa hawajapata hata pigo moja?" Alidhani ananong'ona. Mnong'ono wa Delbert unasikika mpaka kwa ng'ombe. Vichwa viligeuka mstari wa mbele, vikageuka mstari wa nyuma, na kabla havijarudi mahali pake, gongo la mpigaji likalia.

Mpira ulitambaa chini kwa kasi kuelekea pengo la kati ya kituo cha pili na cha tatu. Hapo ndipo anapolinda Ramiro Quezada. Ukagonga kitu, sijui jiwe sijui nini, ukaruka. Ramiro alijitupa mzima mzima, akanyooka ardhini, na mpira ukamparuza ncha ya glovu ukaenda zake majanini. Ubao ukawaka: pigo.

Hakuna aliyemtukana Delbert. Afadhali wangemtukana. Hollis Metzger, yule anayeuza vipuri vya trekta na kuhesabu kila kitu, alimwambia polepole tu, "Umetuua, Delbert." Mama mmoja nyuma yetu akasogeza bisi zake mbali naye. Watu wote wa jukwaa letu, majirani wa maisha, walimtazama wakakaa wakimtazama. Nami nilisogeza magoti yangu upande wa pili. Nayasema haya kwa sababu niliyafanya.

Delbert akatoa simu. Mimi sikuwa nikitega sikio, nilikuwa nimekaa tu, na kama nilivyosema, Delbert hajui kunong'ona. Safari hii kilichomwokoa ni kwamba wengine walikuwa wamemgeuzia mgongo. Alisema, "Arlene, mke wangu, lile ni kosa la mlinzi. Angeudaka ule." Akasikiliza. "Najua ulivyoona. Nakuomba. Hawa watu watanitafuna mzima mzima, nitaishi vipi hapa?" Akasikiliza tena. Kisha akasema "nakuomba" mara ya mwisho, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake tangu tulipomzika mama yake. Akarudisha simu mfukoni, akatazama viatu vyake.

Ubao ulizimika kidogo. Ulipowaka, neno pigo lilikuwa limeondoka na mahali pake pamekaa kosa, mlinzi Quezada. Jukwaa zima liliruka. Walewale waliomkimbia Delbert wakamkumbatia, Hollis akambusu utosini. Hakuna aliyeuliza kitu. Na hakuna aliyemwangalia Ramiro, aliyekuwa amesimama mikono magotini akiusoma ubao.

Uwanjani siku ile kulikuwa na sifuri mbili, sisi tukiiona moja tu. Ya pili ilikuwa ya Ramiro. Ni mwaka wake wa kwanza chuoni, katoka kule magharibi ya jimbo kwenye mji wa viwanda vya nyama, na kusema kweli kupiga hajui. Anashika gongo kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Lakini tangu msimu uanze hakuwa ameandikiwa kosa hata moja. Hiyo ndiyo mali yake yote. Kwa ajili ya sifuri hiyo, bwana mmoja wa ligi ya kiangazi, anayechukua vijana wachache kila mwaka na wengine huishia kulipwa kucheza, alisema atakuja Jumamosi kumtazama kwa macho yake. Arlene aliijua sifuri ile kuliko mtu yeyote, maana alikuwa akiiandika yeye mwenyewe mchezo kwa mchezo.

Basi, tuko kwa Peg. Tunakula mikate ya mdalasini tukichovya kwenye mchuzi wa nyama na maharage, kama tunavyokula sisi, na anayecheka na acheke. Hollis yuko mezani kwetu na simu yake, anasoma takwimu kama padri asomavyo zaburi. Cody amerusha mipira mingapi, mingapi imepita ndani ya eneo la mpigaji, kasi yake raundi ya kwanza na kasi yake raundi ya tisa. Kwamba sasa wastani wake ni wa kwanza katika vyuo vyote vinavyocheza nasi. Kwamba ukigawa hiki kwa kile unapata kitu ambacho sikukielewa lakini nilikishangilia. Delbert anacheka kabla utani haujafika. Arlene amekaa pembeni yake, anakoroga kahawa ambayo hakuitia sukari. Nadhani alikuja kwa sababu asingekuja watu wangeuliza.

Watu walipita mezani kumpongeza. Mmoja alimwambia, "Jicho lako, Arlene. Mwingine angeacha pigo pale." Akasema asante kwa sauti ndogo.

Halafu Hollis akafika kwenye raundi ya saba. Akasema lile kosa ndilo doa pekee la siku nzima, na kwamba yule Quezada ana mikono ya mawe. Nilitegemea Delbert anyamaze. Kila mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini hofu humfanya Delbert aseme, na akasema si mawe, kijana amepakwa siagi mkono huu na mafuta mkono ule. Meza ikacheka. Nami nikaongeza langu, kwamba tumshukuru, maana ndiyo siagi iliyotulainishia mkate. Nilisema kwa sauti, na nilicheka kuliko wote. Sijui kwa nini mtu akishajua jambo chafu hujikuta anapiga kelele zaidi ya wasiolijua. Arlene aliinua macho akanitazama mara moja, akarudi kwenye kahawa yake.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Ramiro na mama yake.

Mama yake ni mwanamke mdogo wa umbo, alikuwa bado na koti la kiwandani. Alitoka kazini zamu ya usiku na kuendesha gari moja kwa moja kuja kumwona mwanawe akicheza. Mgahawa ulipunguza sauti. Delbert, na hapa natamani ningemziba mdomo kwa mkate, akapaza ya kwake.

"Karibu, kijana. Peg, wape meza, ila usimpe kikombe cha udongo, atakiangusha."

Watu walicheka. Ramiro naye akatabasamu, akamwambia mama yake jambo kwa lugha yao, kisha akaja mpaka mezani kwetu akavua kofia.

"Nilitaka kuwaomba radhi, mzee," akamwambia Delbert. "Nyinyi mnakuja kila mchezo, hata siku za baridi. Jana nilikaribia kuwaharibia."

Kicheko cha Delbert kilimkwama. Akasema ah, ni utani tu, yamepita, keti ule. Ndipo Arlene akasema, na lilikuwa jambo la kwanza kulisema bila kuulizwa asubuhi ile.

"Ramiro. Wewe mwenyewe uliuonaje ule mpira?"

"Niliona haufikiki, Bi Vogel." Aliona haya kusema hivyo, akatazama chini. "Uliruka vibaya. Nikasema moyoni, hilo ni pigo. Halafu nikaangalia ubao."

"Ukaona nini?"

"Nikaona umeandika kosa. Basi nikajua macho yangu yamenidanganya." Alisema bila kinyongo, kama mtu anayesimulia alivyopotea njia. "Kocha anatuambia siku ya kwanza tu tukifika: mnaweza kubishana na mwamuzi, mnaweza kubishana na mimi, lakini Bi Vogel akiandika, ndivyo ilivyokuwa. Nimekuwa uwanjani tangu alfajiri najaribu mpira kama ule. Bado siufikii. Nimemwomba kocha leo aniweke benchi."

Mama yake, ambaye alikuwa amefika nyuma yake, alimgusa kiwiko na kusema neno. Ramiro akamjibu taratibu, kisha akatufafanulia sisi, kwa adabu, kwamba mama anamkumbusha leo anakuja yule bwana wa ligi ya kiangazi. "Ndiyo maana," akasema. "Siwezi kusimama mbele yake na mikono nisiyoiamini."

Hollis akamsifu, akasema huo ndio uungwana, kijana anayejua kosa lake. Mimi nilitazama ndani ya bakuli langu. Nimeona aibu nyingi katika umri huu, nimewahi kuingiza basi la shule mtaroni mbele ya wazazi, lakini ile ya pale mezani ilizidi zote. Kijana alikuwa na macho mazuri. Aliona ukweli kabla yetu sote. Akaukataa kwa sababu alimwamini mwanamke aliyekaa mbele yake, na mwanamke huyo alikuwa amekipinda kile alichokiona kwa ajili ya mzee wa ubavuni pangu.

Arlene alisubiri Ramiro na mama yake wakae meza ya mbali. Kisha akainuka, akachukua koti, akatoka. Delbert akamfuata. Nami nikawafuata, sijui kwa haki gani, labda kwa ile ya jirani aliyesikia zaidi ya alivyopaswa.

Aliegemea gari lao na funguo mkononi. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka mashambani na akaongea bila kupandisha sauti, ikabidi tumsogelee.

"Naenda kubadilisha," akasema. "Kabla mchezo wa leo haujaanza naruhusiwa."

"Arlene, mji mzima umo humo ndani unasherehekea. Vijana wameshachora bango." Delbert alishika mlango wa gari kama vile gari lingeondoka lenyewe. "Na Cody je? Utampokonya Cody?"

"Cody sikumpa kitu changu. Nilimpa cha Ramiro."

Delbert aliuachia mlango wa gari. Akauliza watu wakitaka kujua sababu atawaambia nini.

"Nitasema nilikosea. Si uongo." Akamgeukia mumewe. "Jana nilitazama chini nikakuona umekaa peke yako katikati ya watu, wote wamekukodolea macho. Nikakuhurumia. Miaka yote nimekaa mle ndani, wameniomba makocha, wameniomba wazazi, sijawahi kutikisika. Sikujua kwamba naweza. Sasa najua, na sitaki kukijua hiki nilichokijua."

"Utanitaja?"

Aliuliza haraka mno. Nadhani hata yeye alisikia alivyouliza haraka.

"Hapana," Arlene akasema. "Kujitaja ni kazi yako, Delbert."

Akanigeukia mimi. Nilingoja anitukane, na ningeyapokea. Aliingia garini akaondoka kuelekea chuoni, na sisi wawili tukabaki pale kama watu walioachwa na basi, mpaka Delbert akaniomba nimbebe kwenye gari langu. Njiani hakuongea. Delbert Vogel, na hakuongea.

Mchana uwanja ulijaa kuliko Ijumaa. Bango lilikuwepo kweli, shuka jeupe limeshikwa na wanafunzi wawili, limechorwa sifuri kubwa ya rangi ya machungwa. Mtangazaji alipokwisha kusoma majina ya wachezaji, na jina la Quezada halikuwemo, alikohoa akasema kuna tangazo. Akasoma kwamba baada ya kuangalia upya, mwandishi wa alama amebadilisha uamuzi wa jana wa raundi ya saba. Mpira uliokwenda kwa Quezada unaandikwa pigo. Kosa limefutwa.

Ilichukua muda kidogo watu kuelewa. Kisha ikaanza zomeazomea, kwanza kwa wanafunzi, halafu kwetu, watu wazima wenye wajukuu, tumegeuka na kutazama juu kwenye kibanda cha vioo tukimzomea mwalimu aliyetufundishia watoto kugawanya. Wale wawili waliinamisha shuka lao. Mtu alisema "bibi kachoka, wamtoe", na mwingine akasema macho yameisha. Jina la Arlene lilipita mdomo hadi mdomo kama pipi iliyooza.

Uwanjani wao walikuwa na habari nyingine. Cody Stransky alikwenda mpaka kwa Ramiro pale benchi, akampiga kofi la mgongo, akasema jambo lililowachekesha wote wawili, akatema mbegu. Basi, kwa vijana yaliishia hapo. Kocha alimwinamia Ramiro, akamsemesha, na baada ya kitambo nikamwona Ramiro akiokota glovu yake na kukimbia kwenda kusimama mahali pake. Mama yake, mistari miwili mbele yetu, aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Yule bwana wa ligi ya kiangazi alikuwa nyuma ya wavu na miwani yake ya jua.

Nilifurahi. Furaha hiyo haikudumu, kwa sababu Hollis hawezi kuacha namba bila maelezo.

"Kuna mtu alimwendea," akasema. "Arlene hajawahi kubadilisha alama ya jana. Hajawahi. Angalia takwimu zake." Akanyamaza akifikiri, kisha nikaona macho yake yanashuka mistari miwili. "Si mliwaona asubuhi kwa Peg? Waliingia wakaenda moja kwa moja mezani kwake. Kofia mkononi, mama nyuma yake amejikunyata. Wamemlilia mpaka akalegea."

Watu waliomzunguka wakaitikia. Mmoja akasema hao wamezoea kuomba. Mwingine akasema afadhali angebaki huko huko kwao kiwandani kuliko kuja kupokonya watoto wa watu heshima yao. Hawakunong'ona. Sijui mama Quezada anaelewa lugha yetu kiasi gani, lakini mgongo huelewa. Wake ulinyooka, na hakugeuka.

Nilimchoma Delbert kwa kiwiko. "Sema," nikamwambia.

Alikuwa na mbegu za alizeti mkononi, amezikumbatia bila kuzila. Nikamwambia tena, "Delbert, sema." Naye, Mungu ni shahidi, akainuka. Alisimama wima, akavua kofia yake ya Korongo, na jukwaa zima likamgeukia. Ni watu walewale, macho yaleyale ya Ijumaa. Nilikuwa karibu naye na niliona usoni pake wakati alipoyaona. Yule ambaye mdomo wake hauna mlango alifungua mdomo, na nilisubiri, na pumzi zangu nilizibana kama raundi ya saba.

"Jamani," akasema, "mwacheni mama wa watu. Ni mchezo tu."

Akaketi.

Hollis alinung'unika kwamba Delbert ana moyo laini kupita kiasi, kisha akanyamaza, na wengine wakanyamaza. Kwa kuwanyamazisha tu, ilitosha. Nilisubiri nisikie lililobaki, lakini Delbert alikuwa akivaa kofia yake na kuirekebisha, akivaa na kuirekebisha. Ningeweza kulisema mimi. Nilikuwa na ulimi na nilikuwa na habari yote. Nilijiambia kwamba si langu, ni la nyumba ya watu, na nilijua wakati huohuo kwamba najidanganya. Niliogopa tu kile alichokiogopa yeye, kukaa msimu mzima katika kiti kile na magoti ya watu yamegeuzwa upande mwingine.

Ndipo mama Quezada akainuka. Alipanda mistari ile miwili polepole, akishika migongo ya viti, akasimama mbele yetu. Macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi. Alimnyooshea Delbert mkono.

"Asante, bwana," akasema, akitafuta maneno moja moja. "Hapa sijui mtu. Wewe ni mtu mzuri."

Delbert aliupokea mkono. Angefanya nini kingine? Aliushika na uso wake ukawa mwekundu mpaka masikioni, na yule mama akadhani ni haya ya mtu mnyenyekevu, akauongezea mkono wake wa pili juu. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa nimekaa naye.

"Asante na wewe, mama."

Nikampa mkono wangu. Wake ulikuwa mgumu, umepasukapasuka kwa baridi ya kiwandani, na aliniminya kwa nguvu.

Chini gongo likalia. Mpira ulikwenda chini kwa kasi kwenye pengo lile la Ramiro, na kwa kelele zilizopanda nilijua ameudaka, na kwa kelele zilizofuata nilijua ameutupa kituo cha kwanza kwa wakati. Mama yake aliniachia mkono akageuka kumpigia makofi mwanawe. Mimi sikuuona ule mpira. Nilikuwa nimeinua macho kwenye kibanda. Arlene alikuwa amesimama kwenye kioo, na mwandishi wa alama, ambaye mchezo ukiendelea hatoi macho uwanjani hata kwa kupepesa, hakuwa akitazama uwanja. Alikuwa akitutazama sisi.